Monita moja, kibodi moja, kompyuta mbili: swichi ya KVM, programu au kibodi ya bluetooth?

Mhariri_Temeke (mleta mada), Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Siku nyingi za juma nafanyia kazi nyumbani, na mezani kwangu zimekaa kompyuta mbili, moja ya ofisi na nyingine yangu mwenyewe, kila moja na kibodi yake na kipanya chake, hata pa kuweka kikombe cha chai hapapatikani. Monita ninayo moja tu, ya inchi 27. Kila ninapobadilisha kazi nachomoa waya wa HDMI huku na kuuchomeka kule, na tundu la kompyuta ya ofisi limeshaanza kulegea.

Nataka kibodi moja, kipanya kimoja na monita hiyo hiyo vitumike kwa kompyuta zote mbili. Nimezunguka Kariakoo nikaonyeshwa swichi ya KVM, yaani kisanduku cha kuhamisha kibodi, kipanya na monita kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, yenye kitufe cha kubonyeza, nikaonyeshwa pia kibodi ya bluetooth inayokumbuka vifaa vitatu, halafu muuzaji wa duka jingine akaniambia nisinunue chochote kwa kuwa ipo programu ya bure inayofanya kazi hiyo kupitia mtandao wa nyumbani. Bajeti yangu ni shilingi laki moja na nusu, na nakusudia kununua Jumamosi. Mwenye uzoefu anishauri nichukue ipi.

Fundi_Nyaya, Mwanza

Mkuu, kwa maelezo hayo hakuna atakayekujibu kwa uhakika. Umetaja inchi 27, ila inchi hazitusaidii. Tunachohitaji ni pikseli, kwa sababu monita ya ukubwa huo inaweza kuwa ya 1920 kwa 1080, ya 2560 kwa 1440 au ya 3840 kwa 2160, na hiyo ya mwisho ndiyo inayowaliza watu. Hukusema kompyuta zako zinatumia mfumo endeshi gani, nyuma ya monita kuna matundu mangapi na ya aina gani, wala kama unataka kuziona kompyuta zote mbili kwa wakati mmoja au moja baada ya nyingine.

Wakati unatafuta majibu, shika jambo moja. Kibodi na kipanya hupitisha data kidogo mno, kiasi kwamba swichi yoyote ya USB 2.0 inavimudu. Kazi iko kwenye picha. Swichi nyingi za bei ya chini zimejengwa kwa HDMI 1.4, ambayo ikipewa picha ya 3840 kwa 2160 huishia mara 30 kwa sekunde, na hapo utaona kishale kinaruka badala ya kuteleza. Ili picha hiyo ifike mara 60 unahitaji swichi na waya za HDMI 2.0, zinazobeba hadi gigabiti 18 kwa sekunde, na sidhani kama utapata ya kuaminika kwa laki na nusu. Monita ikiwa ni ya 2560 kwa 1440, hilo lisikusumbue, kwa maana HDMI 1.4 inaifikisha mara 60.

Msimamo wangu ni swichi ya KVM ya waya, yenye adapta yake ya umeme. Mengine ni mapambo.

Bi_Kibodi, Mombasa

Ndugu Fundi, hayo unayoyaita mapambo ndiyo ninayoyatumia kila siku. Kibodi yangu ni Logitech K380, inashika vifaa vitatu, na kuhama ni kubonyeza F1, F2 au F3 tu. Inatumia betri mbili ndogo za AAA, nazo zinakaa muda mrefu sana. Kipanya ni M720, nacho kinashika vitatu, na kitufe chake cha kuhamia kipo pembeni mwa kidole gumba. Meza yangu haina waya hata mmoja wa kibodi.

Kuhusu monita, watu wanasahau kwamba karibu kila monita ya leo ina matundu zaidi ya moja. Kompyuta moja ichomeke kwenye HDMI, nyingine kwenye DisplayPort, ambalo ni tundu jingine la picha, ziache hapo, halafu uchague kwa kitufe cha monita yenyewe. Sioni sababu ya kununua kisanduku cha kufanya kazi ambayo monita inaifanya.

Mlinzi_wa_Seva, Nairobi

Mleta mada atuambie kwanza iwapo kwenye kompyuta ya ofisi ana haki za msimamizi. Kampuni nyingi hufunga usakinishaji wa programu, na nyingine huzima hata bluetooth. Hilo peke yake linaweza kufuta njia mbili kati ya tatu alizoonyeshwa.

Dada Bi_Kibodi, kibodi ya bluetooth ina kasoro ambayo hukuitaja. Kwenye kompyuta nyingi haifanyi kazi kabla mfumo endeshi haujapanda. Ukitaka kuingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla ya mfumo kuanza, au kama diski imefungwa kwa nywila inayoulizwa kabla ya mfumo kuanza, utabonyeza hadi vidole vichoke na hakuna kitakachoandikwa. Lazima uwe na kibodi ya waya kabatini. Zenye kipokezi cha USB hazina shida hiyo, kwa sababu kompyuta huziona kama kibodi ya kawaida.

Bi_Kibodi, Mombasa

Ni kweli, kibodi ya waya ninayo kabatini, na huitoa mara chache sana. Kwa mtu anayefanya kazi ya kuhariri maandishi, kuingia BIOS ni jambo la siku ya balaa. Ungenitajia kasoro ninayoijua mimi ningekuelewa zaidi: kuhama kunataka mibonyezo mitatu, mmoja wa kibodi, mwingine wa kipanya, na wa tatu wa monita. Ukiwa na haraka unasahau mmoja, unajikuta unaandika kwenye kompyuta ambayo huioni.

Mwana_Arusha

Jamani, mnamtuma mtu dukani kabla hajajaribu cha bure. Programu anazozisema huyo muuzaji zipo na zinafanya kazi vizuri. Unachomeka kibodi na kipanya kwenye kompyuta moja, unasakinisha programu kwenye zote mbili, na kishale kikifika ukingo wa skrini hii kinatokea kwenye skrini ile, kibodi nayo ikikifuata. Maneno uliyonakili huku unayabandika kule. Kompyuta zote zikiwa za Windows, Microsoft wanayo Mouse Without Borders, ambayo tangu 2023 imo ndani ya PowerToys, kifurushi chao cha zana za bure, na inaunganisha hadi kompyuta nne. Mifumo ikichanganyika, tumia Deskflow au Input Leap, ambazo zote asili yake ni Synergy. Barrier iliyokuwa ikisifiwa zamani waachane nayo, kwa sababu waliokuwa wakiitunza wamehamia Input Leap, na kwenye Linux yenye Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha, haiendi.

Kwa Deskflow au Input Leap, kwenye ulinzi wa mtandao wa Windows ruhusu tundu la mtandao namba 24800, basi. Gharama ni sifuri.

Fundi_Nyaya, Mwanza

Mwana_Arusha, soma tena swali. Mleta mada ana monita moja. Programu zote ulizozitaja zinashirikisha kibodi na kipanya, hakuna hata moja inayohamisha monita. Baada ya kusakinisha yote hayo bado ataendelea kuchomoa waya wa HDMI.

Mwana_Arusha

Nimelisoma, na jibu langu liko pale pale. Kama mojawapo ni kompyuta mpakato, tayari ana skrini mbili. Monita kubwa aiachie kompyuta ya mezani, mpakato aufungue pembeni, kishale kipite kati yake. Kuufunga mpakato ili utumie monita moja kwa zamu ni kuitupa skrini uliyoilipia. Mimi nafanya kazi hivyo, barua pepe ziko kwenye mpakato upande wa kushoto, kazi yenyewe iko mbele yangu, na sihitaji kubonyeza kitu.

Mhariri_Temeke (mleta mada)

Asanteni wakuu. Kompyuta ya ofisi ni mpakato wa Windows 11, na siwezi kusakinisha chochote bila kuwaandikia watu wa TEHAMA, ambao hujibu wanapopenda. Kompyuta yangu ni ya mezani, inatumia Linux Mint. Monita ni ya 2560 kwa 1440, na nyuma ina tundu moja la HDMI na jingine la DisplayPort. Mpakato wa ofisi una HDMI na USB-C. Ya mezani ina HDMI na DisplayPort.

Kuhusu skrini ya mpakato, ni ndogo na herufi zinaniumiza macho. Nahariri maandishi marefu, kwa hiyo napendelea kila kazi niifanye kwenye monita kubwa. Pia jioni mke wangu hukaa kwenye meza hiyo na MacBook Air yake ya M1, naye angependa kutumia monita na kibodi hiyo.

Fundi_Nyaya, Mwanza

Kwa hiyo kompyuta ni tatu, siyo mbili. Mkuu, hilo linabadilisha hesabu yote. MacBook Air ya M1 ina matundu mawili tu, yote ya USB-C, hivyo itahitaji adapta ya kutoa HDMI au waya wa USB-C kwenda DisplayPort. Swichi ya kompyuta tatu hazipatikani kwa wingi. Utaruka hadi ya nne.

Mlinzi_wa_Seva, Nairobi

Na njia ya programu imekufa hapo hapo kwenye mpakato wa ofisi, isipokuwa aandike barua na aeleze kwa nini kila anachoandika kwa kibodi kipite kwenye mtandao wa nyumbani kwake. Ningekuwa mimi ndiye ninayeipokea barua hiyo, ningeikataa. Haijalishi kwamba programu za sasa husimba data inayopita. Kompyuta yake ya Linux ndiyo ingekuwa inauandikia mpakato wa ofisi, na ikiwa imeingiliwa, aliyeiingilia amepata kibodi ya ofisi. Swichi ya USB haina suala hilo. Mpakato unaona kibodi na kipanya vimechomekwa, vikachomolewa, vikachomekwa tena.

Mzee_wa_Hesabu, Moshi

Vijana wangu, kabla hajanunua swichi ya KVM naomba nieleze yaliyonipata, kwa sababu sitaki yampate mwingine. Kazi yangu ni hesabu za wateja, na nilikuwa na kompyuta mbili kama mleta mada. Nilinunua swichi ya HDMI ya kompyuta mbili ambayo kwenye boksi haikuwa hata na jina la mtengenezaji. Ilikuwa haina adapta ya umeme. Ilijilisha kutoka matundu ya USB ya kompyuta zenyewe. Kwa siku za mwanzo niliifurahia sana.

Tatizo la kwanza lilikuwa njia yake ya kuhama kwa kibodi. Nyingi zinatumia Scroll Lock mara mbili, kitufe ambacho hakuna mtu anakigusa. Hii yangu ilitumia Ctrl mara mbili. Sasa mtu wa majedwali mkono wake wa kushoto unaishi kwenye Ctrl. Unashika Ctrl na C, unaachia, unashika Ctrl na V, na ukiwa na kasi kidogo swichi inadhani umeiita. Skrini inazima, inawaka ya kompyuta nyingine, na vidole vinaendelea kuandika. Siku moja nilikuwa naandika nywila ya benki, nusu yake ikaingia kwenye kisanduku cha ujumbe kilichokuwa wazi kwenye kompyuta ya pili, na kwa mazoea nikabonyeza kitufe cha kuingiza. Mteja wangu akanijibu kwa alama ya kuuliza. Nilibadilisha nywila kabla sijamjibu.

La pili lilikuwa baya zaidi. Kisanduku kile kilikuwa na tundu la ziada la USB, na mimi nikachomeka diski ya nje ya nakala zangu ili kompyuta zote mbili ziifikie. Hakuna aliyenieleza kwamba unapobonyeza kitufe cha kuhama, kila kilichochomekwa kwenye swichi kinakatwa upande huu kama umekichomoa kwa mkono. Nakala za mwaka mzima zilikuwa katikati ya kunakiliwa, skrini ikaruka kwa sababu ya Ctrl ile ile, diski ikakatwa. Niliporudi, mfumo ukaniambia diski inahitaji kufomatiwa. Fundi mmoja wa hapa mjini alifanikiwa kuokoa sehemu ya faili, zikiwa hazina majina, na nikakaa jioni nyingi nikifungua moja moja kujua ni ya nani.

Swichi bado ninayo, ila imefunga kibodi na kipanya tu, na ile ya Ctrl nimeizima. Duka halikurudisha fedha, kwa hoja kwamba kifaa hakina hitilafu. Kwa ukweli hakikuwa nayo.

Bi_Kibodi, Mombasa

Pole sana, mzee wangu. Hiyo ya diski imenitisha.

Fundi_Nyaya, Mwanza

Pole, mzee. Hata hivyo, kosa ni la swichi isiyo na jina na isiyo na umeme wake, siyo la swichi za KVM zote. Kabla ya kulipa, mtu aulize dukani mambo haya: vitufe vya kuhamia vinaweza kubadilishwa au kuzimwa? Ina adapta yake ya volti 5? Na je, ikiwa upande mwingine, bado inaiambia kompyuta kwamba monita ipo? Hilo la tatu wauzaji wengi hawalijui. Swichi ya bei ndogo ikihama, kompyuta uliyoiacha inaamini monita imechomolewa, kwa hiyo inakusanya madirisha yote na kuyabana kwenye skrini ya mpakato, na ukirudi unayakuta yamerundikana pembeni. Swichi nzuri huhifadhi taarifa za monita na kuendelea kuionyesha kompyuta kana kwamba bado imeunganishwa.

Mlinzi_wa_Seva, Nairobi

Hapo nakubaliana na Fundi. Naongeza tu kwamba Windows 11 ina mpangilio wa kukumbuka mahali madirisha yalipokuwa monita inaporudi, upande wa mipangilio ya skrini. Unapunguza kero, hauimalizi. Na hata njia ya Bi_Kibodi ya kubadilisha tundu kwa kitufe cha monita ina kero hiyo hiyo kwa baadhi ya monita, hasa kwenye DisplayPort.

Msafiri_Muscat

Salaam kutoka Oman. Sijui kwa nini hakuna aliyetaja monita zenye swichi ndani yake. Yangu ina tundu la USB-C linalopokea picha, linalochaji mpakato kwa wati 90 na kupitisha kibodi na kipanya, vyote kwa waya mmoja. Kompyuta ya mezani imechomekwa DisplayPort pamoja na waya wa USB wa kuingia. Nikibadilisha tundu la picha, kibodi nayo inahama yenyewe. MacBook ya shemeji ingekaa hapo bila adapta yoyote. Ukishaizoea hutarudi nyuma.

Mwana_Arusha

Mkuu wa Muscat, mleta mada ana laki na nusu. Monita hiyo ni mshahara wa mtu.

Msafiri_Muscat

Nakubali, lakini auze aliyonayo aongezee. Mara nyingi mtu hununua kisanduku, kisha adapta, kisha waya mpya, na jumla inakaribia tofauti ya bei ya monita.

Fundi_Nyaya, Mwanza

Haikaribii. Na siku swichi iliyo ndani ya monita ikifa, umebaki na monita tu. Ya nje ikifa unanunua nyingine.

Binti_Linux, Dodoma

Wakuu, nimesoma mabandiko yote na nadhani mleta mada anaweza kutenganisha mambo mawili. Kibodi na kipanya vipite kwenye swichi ndogo ya USB peke yake, ile ya kitufe kimoja, ambayo haigusi picha kabisa na ndiyo maana bei yake ni ya chini. Picha iachwe kwenye matundu ya monita, mpakato wa ofisi kwenye HDMI na kompyuta ya mezani kwenye DisplayPort, kama alivyosema Bi_Kibodi. Linalobaki ni kuepuka kupapasa vitufe vya monita, na hapo Linux inamsaidia.

Monita nyingi zinapokea amri kupitia waya ule ule wa picha, kwa utaratibu unaoitwa DDC/CI. Kwenye Mint asakinishe ddcutil, ahakikishe moduli ya i2c-dev, inayoiwezesha Linux kuzungumza na monita, imepakiwa na kwamba mtumiaji wake ana ruhusa ya kufikia vifaa vya i2c, kisha aandike kwenye terminali:

ddcutil setvcp 60 0x11

Namba 60 ni ya kuchagua tundu la picha, na 0x11 kwa kawaida ni HDMI ya kwanza. DisplayPort ya kwanza ni 0x0f. Baadhi ya watengenezaji wanatumia namba zao, kwa hiyo aanze na "ddcutil capabilities", itamworodheshea zinazokubaliwa na monita yake. Mimi nimeenda hatua moja mbele: nimeweka kanuni ya udev, sehemu ya Linux inayofuatilia vifaa vinavyochomekwa na kuchomolewa, kwamba kibodi ikitoweka kwenye USB, yaani nimebonyeza swichi kuhamia ofisini, kompyuta itume 0x11 yenyewe, ikirudi, itume 0x0f. Nabonyeza kitufe kimoja, kibodi inahama, na baada ya sekunde kama mbili picha inafuata. Kwenye mpakato wa ofisi sikusakinisha kitu.

Mlinzi_wa_Seva, Nairobi

Hii ni nzuri sana, na ofisi haina la kulalamikia. Swali moja: ikiwa monita inaonyesha HDMI, je, bado inasikiliza amri inayoletwa na Linux kupitia DisplayPort?

Binti_Linux, Dodoma

Ndiyo kitendawili cha njia hii. Ya kwangu inasikiliza. Ya dada yangu haikusikiliza; ilipokea amri kutoka kwenye tundu linaloonyeshwa tu, kwa hiyo kwenda ilikwenda, kurudi ikawa kwa kitufe cha monita. Hakuna njia ya kujua ila kujaribu. Mleta mada anaweza kujaribu leo kabla hajanunua chochote: achomeke kompyuta zote mbili, ahamishe monita kwenda HDMI kwa kitufe, kisha kwenye Linux atume 0x0f aone. Na kwenye menyu ya monita ahakikishe DDC/CI imewashwa.

Bi_Kibodi, Mombasa

Na akitumia K380 badala ya swichi ya USB, kanuni hiyo ya udev itafanya kazi?

Binti_Linux, Dodoma

Kibodi ya bluetooth nayo huonekana kama kifaa kinachoingia na kutoka, kwa hiyo inawezekana. Shida ni kwamba hulala ikikaa bila kuguswa ili kutunza betri, na Linux itadhani umehama. Monita itakuwa inakukimbia kila unapokwenda kunywa maji.

Mwana_Arusha

Mmemjengea mtu mtambo mzima kwa sababu hataki kufungua mpakato wake. Miwani ingekuwa rahisi zaidi.

Mzee_wa_Hesabu, Moshi

Mwana_Arusha, subiri ufike umri wetu ndipo utaongelea miwani.

Mhariri_Temeke (mleta mada)

Nimejaribu kama alivyoelekeza Binti_Linux. Waya wa DisplayPort nimeazima kwa jirani. Kutoka Linux kwenda HDMI monita inatii. Kurudi, mara inatii na mara inakaa kimya, kisha inatii nikirudia amri. Sijaelewa kama ni waya au ni monita yenyewe. Kwa sasa nafikiria swichi ya USB ya kitufe, na upande wa mke wangu adapta ya USB-C yenye HDMI na tundu la USB, ili jioni achomoe waya wa HDMI kwenye mpakato wa ofisi na kuuchomeka kwenye adapta hiyo.

Lakini limezuka jingine. Vikao vya ofisi nafanya kwa video, na kamera ni ya USB. Nikiiweka kwenye swichi pamoja na kibodi, nitaweza kuitumia kwa kompyuta zote?

Fundi_Nyaya, Mwanza

Utaweza, ila ukibonyeza kitufe katikati ya kikao, kamera inakatwa pamoja na kibodi na wenzako wanabaki wanatazama jina lako. Tena swichi iwe na umeme wa kutosha, kwa maana kamera inakula zaidi ya kibodi.

Mlinzi_wa_Seva, Nairobi

Kamera ichomekwe moja kwa moja kwenye mpakato wa ofisi na ibaki hapo. Kama mpakato una kamera yake, aifungue hiyo wakati wa kikao. Kwenye swichi viwekwe vitu viwili tu, kibodi na kipanya, kama alivyofanya mzee wetu wa Moshi.

Bi_Kibodi, Mombasa

Na sauti je? Monita ikipokea HDMI, Windows mara nyingi huhamishia sauti kwenye monita bila kukuuliza, hata kama monita haina spika. Mimi nilihangaika na hilo kwenye vikao kadhaa hadi nikanunua visikilizio vya bluetooth vinavyoshika vifaa viwili kwa pamoja. Simu na kompyuta vinalia humo humo.

Fundi_Nyaya, Mwanza

Visikilizio vya waya vingemaliza hilo bila betri.

Bi_Kibodi, Mombasa

Ndugu Fundi, wewe ukipewa simu ya mkononi utaitafutia waya.

Mhariri_Temeke (mleta mada)

Suala la sauti nalipata tayari. Kila nikichomeka HDMI lazima nichague upya spika za mpakato. Binti_Linux, nitakuandikia matokeo ya "ddcutil capabilities" kesho nikitoka kazini, uniangalizie kama hiyo 0x0f ndiyo namba sahihi kwa monita hii. Swichi ya USB nitaiulizia Jumamosi. Duka moja wana ya kompyuta mbili yenye matundu manne, duka jingine wana ya kompyuta nne, na muuzaji hakuweza kuniambia ipi ina adapta ya umeme ndani ya boksi.